Umeme umerudi, seva iko hai, mtandao haupo: usiizime kwanza

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninatunza kompyuta za SACCOS moja hapa Tukuyu. Seva yetu ni Ubuntu (aina ya Linux), ina anwani 192.168.1.50 niliyoiandika kwa mkono, na iko kwenye UPS (betri ya akiba). Wahudumu watatu wa madirishani wanatumia laptop. Tangu mvua zianze, umeme ukikatika na kurudi, laptop zote zinaipoteza seva, ingawa yenyewe haijazima hata sekunde. Nikiiristati inapatikana, ila mara nyingine mpaka niiristati mara mbili. Kila kuristati ni robo saa, na wanachama wamejaa kwenye mabenchi wananitazama. Kuna namna ya kurudisha mtandao bila kuizima mashine?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na poleni na mvua. Huko Tukuyu mvua si habari. Habari ni siku ambayo haikunyesha.

Namna ipo, na mara nyingi ni kazi ya dakika mbili. Lakini umeandika jambo moja kama vile halina uzito, nami ndilo lililonikalisha chini kuandika kirefu: kwamba mara nyingine unairistati mara mbili. Kama ugonjwa ungekuwa ndani ya seva, dawa ile ile ingeponya kila siku. Dawa inayoponya Jumatatu na kugoma Jumatano inanifanya nishuku kwamba mgonjwa ni mwingine. Wakati seva inazima na kuwaka, robo saa inapita, kitu kingine kwenye waya kinabadilika chenyewe, halafu seva inapewa sifa ya kazi ambayo haikuifanya.

Tazama chumba chenu jinsi kilivyo. Seva ina UPS. Laptop zina betri. Swichi na ruta, nakisia, zimechomekwa moja kwa moja ukutani. Yaani kila aliyemo humo ana akiba ya umeme isipokuwa wale wawili wanaowaunganisha wengine. Umeme ukicheza sekunde tatu, wawili hao wanazima na kuamka upya bila kumbukumbu, huku seva ikiendelea kuamini kwamba dunia ni ile ile ya asubuhi. Tutarudi hapo.

Kwanza nikwambie unachopoteza unapozima. Ujumbe wa keneli, yaani kiini cha mfumo, unaousoma kwa `dmesg` unakaa kwenye RAM, kumbukumbu inayofutika mashine ikizimwa. Ukiristati umeufuta, na pengine humo ndimo ilikuwa imeandikwa saa na dakika kadi ya mtandao ilipopoteza waya. Mifumo mingi ya Ubuntu hutunza nakala kwenye diski, unaweza kuisoma kwa `journalctl -k -b -1`, lakini hali ya mtandao ya dakika ile, nani alikuwa na anwani gani na njia gani, hiyo haiandikwi popote. Imekwenda.

Pili, mazungumzo kati ya programu ya dirishani na hifadhidata hupita kwenye TCP, utaratibu wa kompyuta kupelekeana data kwa uhakika, na TCP ni mvumilivu kuliko meneja wako. Waya ukichomoka haikati tamaa. Kwa mipangilio ya kawaida ya Linux hurudia kutuma mara 15, kila mara ikisubiri zaidi ya mara iliyopita, na jumla yake inafika takriban dakika 15. Kwa hiyo ukiurudisha mtandao ndani ya dakika tatu, na anwani ikabaki ile ile, mhudumu aliyekuwa katikati ya muamala anaweza kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, isipokuwa kama programu yenyewe imewekewa kikomo kifupi zaidi. Ukiizima seva, kila muamala uliokuwa haujakamilika unakatwa, na jioni mtahesabu noti mara tatu.

Sasa kazi. Kabla ya kugusa chochote, chukua picha ya hali ilivyo. Andika haya kwenye faili dogo, uliite `picha.sh`, ulihifadhi kwenye `/root`, folda ya msimamizi mkuu wa mashine:

```
date
ip -br link
ip -br addr
ip route
ip neigh
dmesg -T | tail -50
```

Siku ya tukio endesha `sudo sh -c 'sh /root/picha.sh >> /root/mtandao.txt 2>&1'`. Ni sekunde moja. Baada ya matukio matatu utakuwa na kitu cha kulinganisha, na mimi nitakuwa na kitu cha kusoma badala ya kubahatisha nikiwa Mbeya.

Kisha jaribu kuipigia ruta kutoka kwenye seva: `ping -c 3 192.168.1.1`. Usikimbilie kuangalia kama imejibu au haijajibu tu. Soma imekataa kwa maneno gani, maana hayafanani. Ikisema "Network is unreachable", seva haina njia kabisa: aidha anwani imepotea au jedwali la njia liko tupu. Ikisema "Destination Host Unreachable", na ujumbe huo unatoka kwenye anwani yako mwenyewe, njia ipo lakini ilipoita jirani kwa jina la anwani yake hakuna aliyeitika. Ikikaa kimya tu mpaka mwisho, pakiti (vipande vya data) zinaondoka na majibu hayarudi. Na ukipata "Temporary failure in name resolution" baada ya kuandika jina la tovuti, waya huenda ni mzima kabisa; kinachoumwa ni tafsiri ya majina. Mafundi wengi hawasomi hata mstari mmoja wa hayo. Wanaona Kiingereza na kidole kinakwenda kwenye swichi ya umeme.

Tuanze chini, kwenye waya. `ip -br link` itakuonyesha kadi yako. Kwa mfano wetu tuiite `enp3s0`. Ukiona neno NO-CARRIER pamoja na UP kwenye mabano ya mwisho wa mstari, maana yake duka limefunguliwa ila barabara imekatika: seva imeiwasha kadi, lakini upande wa pili wa waya hakuna anayeonekana. Hapo hakuna amri itakayokusaidia. Nenda kwenye swichi, tazama taa, chomoa waya na uuchomeke kwenye tundu lingine. Nasisitiza tundu lingine, si lile lile. Huko kwenu radi hazina mzaha, na swichi iliyoguswa na radi mara nyingi haifi yote. Hufa matundu mawili na mengine yakaendelea, fundi akahangaika na seva wiki nzima.

Kama UP yenyewe haimo kwenye mabano, kadi imezimwa kwa amri. Iwashe: `sudo ip link set enp3s0 up`.

Kama waya unaonekana mzima, uliza undani zaidi kwa `sudo ethtool enp3s0`. Tazama "Link detected" na "Speed". Swichi na kadi hukubaliana mwendo zinapokutana, na baada ya umeme kucheza hukubaliana vibaya mara nyingine. Ukikuta 10Mb/s na neno Half mahali ulipozoea kuona 1000Mb/s na Full, waambie wakae mezani upya: `sudo ethtool -r enp3s0`. Ikirudi kule kule chini, badilisha kebo. Kebo iliyobanwa na mguu wa meza miaka miwili haiwezi kurekebishwa na programu.

Hapa kuna hila ninayoipenda kuliko zote, na sijui kwa nini haifundishwi mapema. Badala ya kusema, sikiliza:

```
sudo tcpdump -ni enp3s0 arp
```

Kaa dakika moja ukitazama. Kwenye mtandao wenye laptop tatu na simu kadhaa lazima kuna anayeuliza "nani mwenye 192.168.1.1?". Ukisikia maswali ya wengine, waya wako unapokea, swichi iko hai, na tatizo ni la anwani au la njia. Kukiwa kimya kabisa dakika nzima huku "Link detected" ikisema yes, swichi imeganda: inawasha taa, haipitishi kitu. Ichomoe kwenye umeme, hesabu hadi kumi, irudishe. Umeona? Umeristati kifaa cha sekunde ishirini badala ya kile cha robo saa.

Sasa twende kwenye anwani, maana nadhani ndiko ugonjwa wenu uliko.

Umesema uliandika 192.168.1.50 kwa mkono ndani ya seva. Je, uliieleza ruta? Ruta nyingi za ofisi ndogo na za nyumbani zinakuja zikiwa tayari kugawa karibu nambari zote, kuanzia za mwanzo hadi 254. Ruta ni kama mwenye nyumba anayepangisha vyumba: anayekuja anaomba, anapewa chumba na muda. Seva yako haikuomba. Iliingia chumba namba 50 ikafunga mlango, na kwenye daftari la mwenye nyumba chumba hicho kiko wazi.

Siku za kawaida hili halionekani, kwa sababu wapangaji ni wachache na vyumba vya mbele vinatosha. Lakini ruta nyingi za bei nafuu zinatunza daftari hilo kwenye RAM. Umeme ukikatika, daftari linaungua. Umeme ukirudi, simu zote zenye nenosiri la Wi-Fi yenu, ya mhasibu, ya mlinzi, ya mtoto wa meneja, zinaomba vyumba upya kwa pamoja, na ruta inagawa upya kwa mpangilio wake. Ruta makini hugonga mlango kwanza kuona kama ndani kuna mtu. Nyingine hazigongi, au hugonga wakati swichi bado inaamka na hodi haifiki kwa seva. Simu moja inapewa 50.

Kuanzia hapo ni bahati nasibu. Laptop ya dirisha la kwanza inauliza "nani mwenye 192.168.1.50?", seva inaitika, simu nayo inaitika, na laptop inaandika jibu moja kwenye jedwali lake. Likiandikwa la simu, malipo ya mwanachama yanapelekwa kwenye simu iliyo mfukoni mwa mlinzi, ambayo haijui hata hifadhidata ni nini. Ukiiristati seva, inapowaka huanza kuulizia majirani, na kwa kuuliza tu majirani wanajifunza upya anwani yake. Kwa hiyo inaonekana imepona. Dakika tano baadaye simu inaamka, inasema neno, na mambo yanageuka. Hiyo ndiyo "mara mbili" yako. Sijaiona kwa macho, lakini ningekuwa mtu wa kuweka dau ningeweka hapo.

Uthibitisho ni amri moja, kutoka kwenye seva yenyewe:

```
sudo arping -D -I enp3s0 -c 3 192.168.1.50
```

Hii inauliza kama kuna mwingine anayedai anwani yako. Kama haimo, programu ya kuweka kwenye Ubuntu inaitwa iputils-arping. Iweke leo mtandao ukiwa mzima, siku ya msiba hutaipata. Ikimaliza bila jibu, uko salama na nimekosea. Ikijibiwa, itakupa anwani ya MAC ya mvamizi, yaani namba ya utambulisho ya kadi yake ya mtandao. Tazama herufi ya pili ya anwani hiyo. Ikiwa ni 2, 6, a au e, si anwani iliyotoka kiwandani. Imetungwa na kifaa chenyewe, na siku hizi vinavyotunga anwani ni simu zaidi ya kitu chochote kingine. Unaweza pia kwenda kwenye laptop, kama ni Windows, ukaandika `arp -a` na kulinganisha MAC iliyoandikwa mbele ya 192.168.1.50 na ile inayoonyeshwa na `ip -br link` kwenye seva. Zikitofautiana, umemkamata mwizi na mzigo wake.

Dawa ya papo hapo: ingia kwenye ruta umtoe mwenye MAC hiyo, kisha kwenye seva tangaza upya umiliki wako:

```
sudo arping -U -I enp3s0 -c 5 192.168.1.50
```

Laptop zitakazosikia zitasahihisha majedwali yao na foleni itasogea. Hiyo ni plasta. Mshono nitakueleza mwishoni.

Ikiwa anwani haina mgogoro lakini `ip -br addr` inaonyesha kadi haina anwani kabisa, mwombe anayesimamia mtandao aisome mipangilio upya. Tatizo ni kujua msimamizi ni nani. Ubuntu ya seva kwa kawaida hutumia systemd-networkd; Ubuntu ya mezani hutumia NetworkManager, na seva nyingi nilizokutana nazo kuanzia Iringa hadi Kyela ni Ubuntu ya mezani iliyovalishwa koti la seva, kwa sababu aliyeiweka alitaka kuona panya. Andika `networkctl`, kadi ikiwa na neno configured, msimamizi ni networkd, nawe utasema:

```
sudo networkctl reconfigure enp3s0
```

Ikiwa unmanaged, jaribu `nmcli device status`, uone jina la muunganisho, kisha `sudo nmcli connection up` ikifuatwa na jina hilo. Usihangaike na `systemctl restart networking` iliyoko kwenye maelekezo ya zamani. Hiyo ni ya Debian na ndugu zake wanaotumia ifupdown, na kwenye Ubuntu yako pengine itakujibu kwamba haimjui mtu huyo.

Kwa mashine zinazopanga anwani badala ya kuandikiwa, mambo ni tofauti kidogo. Kwa kanuni ya mwaka 1997 ya DHCP, yaani utaratibu huo wa ruta kupangisha anwani, mpangaji huanza kuomba kuongezewa muda nusu ya mkataba inapofika. Akinyimwa majibu, kwenye saba ya nane ya muda huanza kumwomba yeyote atakayesikia. Mkataba ukiisha bila jibu, lazima ahame. Ndiyo maana kuna mitandao inayokufa saa kadhaa baada ya ruta kuharibika, na kila mtu anaapa kwamba asubuhi ilikuwa nzima. Laptop ya Windows iliyokosa mwenye nyumba hujipa anwani inayoanza na 169.254, ukiiona hiyo usiisumbue seva, mtafute ruta.

Njia sasa. `ip route` lazima ionyeshe mstari unaoanza na default ukielekea kwenye ruta. Jihadhari na jambo hili: ukiishusha kadi kwa `ip link set enp3s0 down` na kuipandisha, anwani ya IPv4 hubaki na njia ya majirani hurudi, lakini ile njia ya default iliyowekwa kwa mkono hairudi yenyewe. Matokeo yake madirisha yanafanya kazi, ila seva haiwezi kutoka nje kutuma nakala za akiba, na hakuna atakayegundua mpaka mwisho wa mwezi. Irudishe:

```
sudo ip route replace default via 192.168.1.1
```

Mstari wa default ukiwa mmoja, sawa. Ikiwa miwili, kuna hadithi. Niliwahi kuitwa Makambako kwenye ghala moja la mazao ambako seva ilikuwa "inapotea intaneti kila asubuhi". Nilikuta njia mbili za kutoka, na ile yenye nambari ndogo ya metric, yaani inayopewa kipaumbele, ilipita kwenye kadi ambayo sikuijua. Kijana wa stoo alikuwa anachaji simu kwenye tundu la USB la seva, na simu yake ilikuwa imewashwa kugawa intaneti kwa USB. Seva nzima ilikuwa inajisasisha kwa bando lake. Alikuwa analalamika wiki tatu kwamba bando la wiki linaisha kabla ya saa nne. Tulichomoa simu, ghala likapona, na kijana akapona pia.

Lakini hila ile ile ni nzuri ukiifanya kwa makusudi. Ruta ikifa kabisa, chomeka simu yako kwenye seva kwa USB, washa kugawa intaneti, na seva itatoka nje kwa muda. Ukimaliza chomoa, kisha tazama `ip route` tena.

Kuhusu majina nitakwenda haraka kwa sababu wahudumu wako wanaiita seva kwa nambari. Kama `ping 1.1.1.1` inajibu na `getent hosts wikipedia.org` haijibu, endesha `resolvectl status` uone anayeulizwa majina ni nani, halafu `sudo systemctl restart systemd-resolved`. Basi.

Ikishindikana yote hayo, na `dmesg` inaonyesha maneno NETDEV WATCHDOG na "transmit queue timed out", kadi yenyewe imeganda. Pata jina la dreva, yaani programu inayoiendesha kadi, kwa `ethtool -i enp3s0`. Kwenye mashine za bei ya kawaida mara nyingi utaona r8169. Ing'oe na uirudishe kwa mstari mmoja:

```
sudo sh -c 'modprobe -r r8169; sleep 3; modprobe r8169'
```

Kadi inazaliwa upya, hifadhidata haijagundua chochote. Ikigoma hata hapo, unaweza kumfanya keneli aamini kwamba kadi imechomolewa na kuchomekwa tena. Anwani yake ya PCI, yaani nafasi yake kwenye ubao wa kompyuta, iko kwenye mstari wa bus-info wa ile ile `ethtool -i`, kwa mfano 0000:03:00.0:

```
echo 1 | sudo tee /sys/bus/pci/devices/0000:03:00.0/remove
echo 1 | sudo tee /sys/bus/pci/rescan
```

Angalia nambari mara mbili. Ukikosea ukaondoa kidhibiti cha diski, hutakuwa na shida ya mtandao tena, utakuwa na shida nyingine.

Je, kuna siku ya kuzima? Ipo. Dreva ikikataa kung'oka, au keneli yenyewe ikiwa imeanguka, usipigane nayo. Ila elewa kwamba kuristati kwa kawaida hakuikatii kadi umeme: ubao wa kompyuta huendelea kuilisha hata mashine ikiwa imezimwa, ili iweze kuamshwa kupitia mtandao. Kadi iliyoganda inaweza kubaki imeganda baada ya kuristati mara nne. Zima kwa utaratibu, chomoa waya wa umeme nyuma ya kasha, subiri nusu dakika, rudisha.

Tahadhari moja kabla sijafika kwenye mshono. Nimeandika kama vile umekaa mbele ya seva. Siku ukiwa mbali, umeingia kwenye seva kupitia mtandao kwa SSH, usiandike kamwe amri ya kushusha kadi peke yake. Mimi niliwahi kulipa nauli ya Mbeya hadi Tukuyu kwa kosa la herufi nne: down. Nilibonyeza, skrini ikaganda, nikakumbuka nimekaa wapi. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi Kiwira na basi lilitembea kama harusi. Tangu siku hiyo ninaandika kushuka na kupanda kwenye pumzi moja, nikiwa ndani ya tmux ili kazi iendelee hata nikikatwa:

```
sudo sh -c 'ip link set enp3s0 down; sleep 5; ip link set enp3s0 up; ip route replace default via 192.168.1.1'
```

Na unapobadilisha mipangilio ya netplan, pale Ubuntu inapoandikiwa mtandao wake, ukiwa mbali, tumia `sudo netplan try` badala ya apply. Inaweka mipangilio mipya, inasubiri sekunde 120 uithibitishe, na usipothibitisha, kwa sababu umejifungia nje, inarudisha ya zamani yenyewe. Wenzetu wa FreeBSD, mfumo mwingine usio Linux, wana mtego unaofanana: `service netif restart` inaondoa njia ya default, kwa hiyo wanaifuatisha na `service routing restart` kwenye mstari huo huo. Kwenye OpenBSD, ndugu yake, ni `sh /etc/netstart`, na hakuna zaidi ya hapo. Watu wale hawapendi maneno mengi.

Mshono wenyewe hauna amri hata moja ya Linux. Leo jioni, wanachama wakishaondoka, ingia kwenye ruta, nenda sehemu ya DHCP, uibane igawe kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.200 tu. Seva ikae na 50 yake nje ya mipaka hiyo, ambako hakuna simu itakayopangishwa. Kisha tafuta waya wa umeme wa swichi na wa ruta, uvihamishie kwenye UPS ya seva. Vifaa hivyo viwili vinakula umeme kidogo sana kulinganisha na kompyuta. UPS haitaona tofauti kubwa. Hakikisha tu umevichomeka kwenye matundu yenye betri, maana UPS nyingi zina matundu mengine ya nyuma yanayozuia mshtuko wa umeme bila kutoa akiba, na nimekuta zaidi ya ofisi moja iliyochomeka seva huko kwa miaka na kujiona salama.

Ukishafanya hayo mawili, umeme ukikatika tena endesha `picha.sh` na ile `arping -D` hata kama hakuna kilichoharibika, uniletee faili na jibu lake. Ikionekana ile arping inajibiwa bado, basi nilikosea kuhusu simu ya mlinzi, na nitapanda basi mwenyewe kuja kuangalia.